Arudipo Kutoka Kifungoni

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Luka 8:26–39, Mathayo 12:43–45, Luka 10:30–37, Filemoni 1–25, Wakolosai 4:7–9, Yohana 11:38–44, Wagalatia 6:1–5.

Fungu la kukariri: Filemoni 1:15, 16. Lisome katika Biblia yako na ulirudie kila asubuhi juma hili.

Tarehe 9 Desemba 2019, katika Uwanja wa CCM Kirumba jijini Mwanza, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Tangazo kama hilo husomwa kwa dakika chache, lakini kila mmoja katika hesabu hiyo ana mahali anapokwenda. Ana mama anayemsubiri, au mke aliyekwisha kukata tamaa, au jirani aliyeapa kwamba hatamsalimia tena.

Tumfikirie mmoja anayerudi kisiwa cha Rukuba, ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Musoma. Alifungwa kwa wizi wa nyavu, na nyavu aliziiba ili apate fedha ya gongo na bangi. Sasa amemaliza kifungo chake. Anashuka kwenye mtumbwi akiwa na mfuko mmoja mkononi. Mwaloni watu wanamtazama. Walio tayari kumkaribisha kwanza ni wale aliokuwa akinywa nao.

Lango la gereza hufunguliwa siku moja. Kiu iliyompeleka mtu gerezani haiondoki siku hiyo. Juma hili tutajifunza jinsi Bwana anavyomponya mtu mzima, na sehemu aliyowaachia watu wake waifanye. Tutauliza pia swali ambalo si rahisi: je, kanisa letu limejiandaa kumpokea mtu huyu, au linangoja aanguke ili liseme kwamba lilijua?

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Ng'ambo ya Ziwa

Soma Luka 8:26–39. Watu wa mji walikuwa wamejaribu njia gani ya kumsaidia mtu huyu? Njia hiyo ilifanikiwa kwa kiasi gani?

Yesu alivuka ziwa kwa chombo, na mtu wa kwanza kumlaki pale pwani alikuwa mtu ambaye wengine wote walimkimbia. Luka anatueleza kwamba mtu huyo alikuwa amelindwa na kufungwa kwa minyororo na pingu, akavikata. Mji ulikuwa na njia moja tu ya kushughulika naye, nayo ilikuwa kumfunga. Minyororo iliwapa watu usingizi wa siku chache, lakini haikumpa mtu yule akili zake.

Hatusemi kwamba kila mlevi au mvuta bangi ana pepo. Kusema hivyo ni kumwongezea mgonjwa mzigo ambao si wake. Wataalamu wa afya wanatufundisha kwamba uraibu ni ugonjwa. Hubadili namna ubongo unavyofanya kazi, hata mtu akaendelea kutumia kitu anachojua kinamwangamiza. Lakini habari hii inatufundisha jambo linalowahusu wote waliofungwa: kifungo huzuia mikono, hakiponyi tamaa. Mtu anaweza kukaa Kiabakari au Musoma miaka mitatu bila kuonja gongo, akadhani amepona, kumbe hakuwa amepata nafasi.

Tazama mwisho wa habari. Mtu yule aliketi, amevaa nguo, ana akili zake, nao watu wakaogopa. Walimwogopa zaidi alipopona kuliko alipokuwa makaburini, kwa sababu sasa walilazimika kuishi naye. Yeye mwenyewe aliomba afuatane na Yesu. Ombi hilo lilikuwa jema, lakini Yesu hakulikubali. Alimrudisha nyumbani kwake. Uponyaji ulianzia pwani, lakini ilipasa uonekane nyumbani, mbele ya watu waliomfahamu kwa jina na kwa makosa yake.

*Tafakari: Je, kuna mtu kijijini kwenu ambaye watu walimzoea akiwa mlevi, na sasa hawajui wafanye nini naye kwa kuwa ameacha? Wewe unamtazamaje?*

JUMATATU

Nyumba Iliyofagiwa

Soma Mathayo 12:43–45. Nyumba ile ilikuwa safi na imepambwa. Ilipungukiwa na nini?

Yesu alizungumza habari za kizazi chake, lakini kanuni aliyoitoa ni pana. Nyumba tupu haibaki tupu. Kuacha ni kufagia, na kufagia ni kwema. Asipoingia mwenyeji mpya, mpangaji wa zamani hurudi, tena na wenzake.

Walio karibu na wafungwa wanaotoka wanalijua jambo hili. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia watu waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya wakazi wengine, na sababu iliyoongoza ilikuwa dawa za kulevya kuzidi kiasi. Jambo hili lina maelezo. Mwili uliokaa muda mrefu bila dawa hupoteza uzoefu wake. Mtu akitoka na kutumia kipimo kilekile alichokuwa akitumia zamani, kipimo hicho ambacho wakati ule alikizoea, leo kinaweza kusimamisha pumzi yake. Kwa mtumiaji wa unga hatari hii ni kubwa kuliko zote.

Kisiwani hatari nyingine inakuja kwa utaratibu wake. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa. Mwezi unapokuwa mpevu, kazi husimama kwa siku kadhaa. Siku hizo mfukoni kuna fedha, mikononi hakuna kazi, na jua likizama mwangaza unatosha kutembelea kila kibanda. Mshiriki aliyerudi kutoka gerezani anaweza kushinda siku zote za giza akiwa ziwani, akaanguka usiku wa kwanza wa mbalamwezi. Kanisa linalotangaza wiki ya maombi bila kuangalia kalenda ya mwezi huenda likamkosa siku anayolihitaji.

Kwa hiyo tusiulize tu, “Ameacha?” Tuulize pia: Siku yake imejaa nini? Anakula na nani? Akikosa usingizi saa nane za usiku, ni mlango wa nani anaoweza kuugonga? Roho Mtakatifu ndiye Mwenyeji tunayemwomba aijaze nyumba hiyo. Mara nyingi Yeye huingia kwa mlango wa chakula cha jioni, kazi ya mchana na rafiki asiyechoka.

*Tafakari: Ni saa ipi au siku ipi ambayo jaribu lako wewe hurudi? Umeijaza na nini?*

JUMANNE

Mafuta, Divai na Nyumba ya Wageni

Soma Luka 10:30–37. Orodhesha mambo yote ambayo Msamaria alimfanyia mtu aliyejeruhiwa. Ni mangapi yaliyofanyika barabarani, na ni mangapi yaliyofanyika baadaye?

Msamaria hakuhubiri pale njiani. Alisafisha jeraha, akalifunga, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa, na akaahidi kurudi kumaliza gharama. Huruma yake ilikuwa na dawa, usafiri, makao, fedha na ufuatiliaji. Anayemwombea mlevi na kumwacha hapo amefanya sehemu ya kwanza tu.

Nchini mwetu Mungu amefungua milango ya tiba ambayo baba zetu hawakuwa nayo. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadone kwa waraibu wa heroini. Huduma hiyo imefika mikoa mingine, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure jijini Mwanza. Dawa hii hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Hutuliza arosto, humwondoa mtu kwenye sindano, na humpa akili ya kufanya kazi na kukaa na familia yake. Huko Mombasa, huduma hiyo imefikishwa hata ndani ya gereza la Shimo la Tewa, ili mfungwa asingoje kutoka ndipo atibiwe. Zanzibar, tangu mwaka 2009, zipo nyumba za upataji nafuu, ambamo waraibu huishi pamoja bila dawa za kulevya, wakisaidiwa na wenzao waliokwisha kuacha.

Wapo wanaouliza: Je, methadone si kubadilisha kilevi kwa kilevi kingine? Swali hili linaulizwa kwa moyo mwema, maana sisi ni watu wa kiasi. Lakini ona tofauti. Kilevi hutafutwa ili kuikimbia akili. Dawa hupimwa na daktari ili kuirudisha. Msamaria alimimina divai juu ya jeraha, na hakuna msomaji wa Biblia anayemwita mlevi. Ndugu anayekunywa methadone kwa maagizo ya kliniki yuko katika matibabu, na asiambiwe aache dawa ili kuthibitisha imani yake. Akiiacha ghafla anaweza kurudi kwenye unga, na tumekwisha kuona unga unavyoua.

Kwa bangi hakuna dawa ya namna hiyo. Tiba yake ni ushauri, muda na watu. Akianza kusikia sauti au kuwashuku watu bila sababu, afikishwe hospitali mapema, wala asifungwe kamba nyumbani. Kwa gongo, jambo moja lijulikane na kila mzee wa kanisa: aliyerudia kunywa sana kila siku kwa majuma mengi asilazimishwe kuacha ghafla akiwa peke yake. Katika siku chache za kwanza anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, au kupata degedege, na wengine hufa. Mpelekeni kwanza kwa mhudumu wa afya, na mwendelee kumwombea mkiwa njiani.

*Tafakari: Kanisa lenu lina fungu gani la bajeti ambalo linaweza kulipa nauli ya mtumbwi na ya basi kwa mtu anayehitaji kufika kliniki?*

JUMATANO

Deni la Onesimo

Soma Filemoni 8–22. Paulo anamwomba Filemoni mambo gani? Anasema nini juu ya hasara ambayo huenda Onesimo alimsababishia?

Tumezungumza habari za mgonjwa. Lakini yupo mwingine ambaye ni rahisi kumsahau: mwenye nyavu zilizoibwa. Huenda naye ameketi kwenye darasa hili la Shule ya Sabato. Alikopa ili anunue nyavu zile. Mtoto wake alirudishwa shuleni kwa kukosa mahitaji. Sasa anaambiwa asamehe, na anayemwambia hakupoteza hata uzi mmoja.

Paulo hakumfanyia Filemoni hivyo. Hakusema hasara ile si kitu. Aliitaja, akaiandika kwa mkono wake, na akasema idaiwe kwake. Msamaha wa Injili haufuti deni kwa kulificha. Yupo anayelilipa. Ndivyo Kristo alivyotufanyia. Kanisa linalotaka upatanisho likubali kushika sehemu ya mzigo huo.

Kwa vitendo, jambo hili linaweza kuwa hivi. Wazee wa kanisa, pamoja na mwenyekiti wa kijiji, wawakutanishe wawili hao mwenye mali anapokuwa tayari, bila kumlazimisha. Mkosaji akiri kwa jina kile alichokichukua. Wapange malipo madogo madogo yanayolingana na kipato chake, na yaandikwe. Kanisa au ndugu mmoja awe mdhamini. Aliyeibiwa akihitaji muda, apewe muda. Machozi yake ni sehemu ya ibada kama ulivyo ushuhuda wa aliyeokoka.

Upendo huu una macho. Aliyetoka jana kwa kosa la wizi asikabidhiwe sanduku la sadaka kesho, na kutomkabidhi si kumhukumu. Ni kumwepusha na mzigo ambao bado hajaweza kuubeba. Mpe kwanza kazi inayoonekana na watu: kupanga viti, kusomba maji, kusoma fungu. Paulo alisema Onesimo, ambaye zamani hakufaa, sasa anafaa. Hilo ndilo jina lake hasa, maana Onesimo ni “mwenye kufaa”. Mtu hujifunza kufaa kwa kupewa mambo ya kufaa.

Soma pia Wakolosai 4:7–9. Onesimo hakurudi peke yake. Alitembea na Tikiko, ndugu anayeaminika. Safari ya kurudi mahali ulipokosea ni ndefu, na Paulo alihakikisha kwamba mtu yule hana haja ya kuimaliza bila mwenzake.

*Tafakari: Wewe ukiwa Filemoni, ni neno gani ungehitaji kulisikia kabla ya kufungua mlango? Ukiwa Onesimo, je?*

ALHAMISI

Kitambaa Usoni

Soma Yohana 11:38–44. Yesu alifanya nini Mwenyewe, na ni mambo gani aliyowaagiza watu wayafanye?

Kumfufua mfu ni kazi ya Bwana peke yake. Lakini jiwe liliondolewa na watu, na sanda ilifunguliwa na watu. Lazaro alikuwa hai, huku mikono na miguu yake imefungwa na uso wake umefunikwa kitambaa. Angeachwa hivyo angejikwaa, na watu wangesema hakufufuka vizuri.

Wengi hupata uzima gerezani. Watumishi wetu wa huduma ya magereza huhubiri huko, na wako wanaobatizwa. Kisha hutoka wakiwa hai na wamefungwa: hawana kazi, hawana nauli, hawaaminiki, na mwili bado unakumbuka. Aliyetoka kwa parole, chini ya sheria ya mwaka 1994, huwa na masharti na mtu wa kumwangalia. Aliyemaliza kifungo chake hana wa kuripoti kwake. Yuko huru, tena yuko peke yake. Hapo ndipo kazi ya kufungua sanda inapokuwa yetu.

Kanisa dogo la kisiwani haliwezi kujenga hospitali. Linaweza kuandaa siku 14 za kwanza. Fikirini mpango kama huu:

1. Kabla hajatoka. Watu wawili wamtembelee gerezani na kumwuliza anakwenda kulala wapi. Wazungumze na familia yake. Wajue alikuwa akitumia nini, maana unga, gongo na bangi havitibiwi kwa njia moja.

2. Siku ya kutoka. Mtu mmoja amngoje langoni na kusafiri naye. Kati ya lango la gereza na mwalo pana vibanda vingi.

3. Siku ya pili au ya tatu. Afike kwa mhudumu wa afya. Kama alitumia unga, mjadili naye iwapo ni vema akae kwanza Mwanza, karibu na kliniki. Kutoka Musoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, na dawa ya kila siku haiwezi kufuatwa kutoka Rukuba. Washiriki wa Mwanza waombwe kumpokea.

4. Kazi. Atafutiwe kazi ya mchana kwanza: kuanika dagaa, kushona nyavu, kulima, kujenga. Mwenye chombo aliye mshiriki asimlipe mtu huyu kwa kinywaji, wala asiwavumilie wanaofanya hivyo kwenye chombo chake.

5. Kila jioni. Awepo mtu wa kuonana naye, hata kwa nusu saa, hasa siku za mbalamwezi.

6. Akianguka. Na huenda akaanguka. Soma Wagalatia 6:1. Mtume anaagiza kumrejeza kwa upole, na kila mmoja ajiangalie nafsi yake. Kurudia kutumia si ushahidi kwamba tiba ilikuwa bure, kama homa ikirudi hatusemi dawa haina maana. Mrudisheni kliniki. Mrudisheni mezani.

Hakuna hata jambo moja hapa linalohitaji utajiri. Yanahitaji watu watatu au wanne walioamua, na daftari moja.

*Tafakari: Ni kipi kati ya vipengele hivi sita ambacho darasa lenu linaweza kukichukua kabla robo hii haijaisha? Andikeni majina.*

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma Mwanzo 40, ukitazama hasa mistari ya 14 na 23. Yusufu alimwomba mtu mmoja aliyekuwa akitoka gerezani amkumbuke. Yule mtu akatoka, akasahau, na Yusufu akakaa miaka miwili zaidi. Biblia haisemi kwamba mnyweshaji alimchukia. Alisahau tu. Wengi wa walio gerezani hawaumizwi na chuki yetu bali na usahaulifu wetu.

Katika kitabu chake cha mwaka 1905 juu ya huduma ya uponyaji, Ellen White alitenga sura nzima kwa ajili ya kazi ya kuwasaidia walevi. Kutunza mwili, kushinda tamaa na kumpokea aliyeanguka vimekuwa sehemu ya ujumbe wetu tangu mwanzo. Kanisa linalofundisha kiasi lina wajibu kwa yule ambaye kiasi kilimshinda.

Wagalatia 6 inasema mambo mawili yanayoonekana kupingana. Katika mstari wa 2 tunaagizwa kuchukuliana mizigo. Katika mstari wa 5, kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Aliyerudi kutoka kifungoni anayahitaji yote mawili. Hakuna awezaye kuacha kwa niaba yake, kwa kuwa huo ni mzigo wake. Lakini nauli, deni, upweke na usiku mrefu ni mizigo inayobebeka na wawili.

Maswali ya Kujadili

1. Katika darasa lenu huenda yupo mtu aliyewahi kufungwa, au mwenye ndugu aliye gerezani, au aliyeibiwa. Mtazungumzaje somo hili bila kumwumiza yeyote kati yao?

2. Mshiriki mmoja anasema: “Tukimsaidia huyu, tunawafundisha vijana kwamba ulevi hauna gharama.” Mwingine anasema: “Tusipomsaidia, tunawafundisha kwamba msamaha hauna maana.” Mngewajibu vipi, mkitumia Luka 8 na Filemoni?

3. Kuna tofauti gani kati ya kumwamini mtu na kumpenda? Je, vyote viwili lazima vianze siku moja? Toeni mifano kutoka mwaloni, nyumbani na kanisani.

4. Baadhi ya kaya hupata ada ya shule kwa kupika gongo au kulima bangi. Kama aliye mshiriki au jirani yenu ni mmoja wao, kanisa linadaiwa nini kwa kaya hiyo, na nini kwa yule aliyetoka gerezani anayepita mbele ya mlango wake kila siku?

5. Tajeni kwa majina, katika maombi yenu ya faragha, watu wa eneo lenu walioko gerezani sasa. Ni nani kati yenu atakayeuliza tarehe watakayotoka?